Tunacheka "sida" ya Dani, "saa nane" tunaiacha ipite

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu wiki jana.

Jumamosi nilikuwa matangani upande wa Kiboswa, kwenye mazishi ya jirani yangu. Kaka wa marehemu, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alipewa kipaza sauti awashukuru wageni. Wengine walikuwa wametoka Nakuru na Nairobi na hawakujua Dholuo, lugha ya Waluo, basi kwa heshima yao akazungumza Kiswahili. Akasema, "Nasukuru sana. Mmeacha suguli zenu mkaja." Vijana waliokuwa kwenye hema la nyuma wakaangua kicheko, na wawili wakainua simu kumrekodi. Mzee akasita. Alikuwa na karatasi mkononi, ameandika majina ya watu wa kushukuriwa. Hakuyasoma. Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Mtu anamzika ndugu yake, na sisi tunamcheka kwa sababu ya herufi moja!

Dholuo haina sauti ya "sh". Aliyelelewa kwa lugha hiyo akisema "samba", "sule" au "sida", akikusudia shamba, shule au shida, haonyeshi ujinga, ulimi wake unatembea njia uliyoizoea tangu utotoni. Nami nina njia zangu. Nilizaliwa Bungoma, na Kibukusu chetu humwita baba "papa". Nikiwa darasa la pili nilisimama kusoma insha yangu, nikasema, "Papa yangu ni mkulima." Mwalimu akaniuliza tangu lini papa, samaki wa baharini, akalima mahindi. Darasa zima likacheka, naye akacheka nalo. Sikuinua mkono tena katika kipindi cha Kiswahili mwaka ule mzima. Leo nina miaka hamsini na mitatu na bado naikumbuka sakafu niliyokuwa naiangalia.

Niliolewa Kisumu. Mume wangu husema "samba", mimi nikichoka husema "papa", na hakuna siku tumekosa kuelewana kwa ajili hiyo. Ndiyo maana nasema makosa ya namna hii hayamwangushi mtu. Yanayoangusha ni mengine, na hayo hatuyacheki wala hatuyasahihishi.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Nyalenda, mtaa wa Kisumu. Mtaani huniita nyamrerwa, na wazee huniita Nyar Bungoma, yaani binti wa Bungoma. Napita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye mashine ya presha, mashine ya sukari, kipimajoto na utepe wa kupimia mikono ya watoto. Miongoni mwa nyumba zangu kuna ya bibi mmoja ambaye sitamtaja jina. Nitamwita Dani, yaani nyanya kwa Dholuo, kama ninavyomwita kila siku. Ana sukari, na huhudhuria kliniki moja hapa mjini kila baada ya miezi kadhaa.

Safari hii alitakiwa kupimwa damu kabla ya kula. Mhudumu wa mapokezi akamwelekeza hivi: "Dani, ukae saa nane bila kula, halafu uje Jumatatu saa nane." Kwenye kadi akaandika 8:00.

Mhariri, hebu isome tena sentensi hiyo ukiwa na umri wa Dani. Ina "saa nane" mbili. Ya kwanza ni urefu wa muda, kwamba tumbo likae tupu kwa muda wa saa nane. Ya pili ni wakati wa kufika, na hapo mhudumu alikuwa anasoma tarakimu tu, maana 8:00 ya asubuhi kwa Kiswahili ni saa mbili. Dani hasomi kadi, husikia. Alisikia saa nane, na saa nane anayoijua yeye, anayoijua kila mtu aliyezeeka kando ya ziwa hili, ni ile ya alasiri, watoto wa chekechea wakiwa wamesharudi nyumbani.

Jumapili alikula saa moja jioni. Jumatatu hakutia kitu kinywani isipokuwa maji na vidonge vyake vya sukari, ambavyo alivimeza kama kawaida kwa sababu hakuna aliyemwambia asivimeze. Saa sita na nusu akatoka, akafika kabla ya wakati ili asimkosee mtu. Askari wa langoni akamwambia kliniki ya sukari huwa asubuhi, na watu wake walishaondoka. Dani akageuka kurudi kwa miguu, jua likiwaka. Hapo alikuwa amefikisha karibu saa kumi na tisa bila chakula, na dawa ya kushusha sukari imo mwilini.

Mwendesha boda mmoja alimkuta ameketi kando ya barabara karibu na Pandpieri, akanipigia simu kwa kuwa ananijua. Nilipofika mikono ya Dani ilikuwa inatetemeka, leso imelowa jasho, na alikuwa ananiita kwa jina la binti yake aliyefariki. Nikamtoboa kidole. Mashine ikasoma 2.9. Anayejua sukari anajua kwamba chini ya 4 ni hatari, na kwamba mtu anaweza kuzimia akiendelea kushuka. Mama wa kibanda jirani akanipa sukari, nikakoroga vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji, nikamnywesha polepole. Baada ya dakika kumi na tano nikampima tena, ikawa 4.6. Akaniangalia, akanitambua, akasema, "Nyathina (mwanangu), si waliniambia saa nane? Nimefika saa nane."

Alikuwa anajitetea. Mtu karibu afe, na fikira yake ya kwanza ni kunionyesha kwamba hakuchelewa.

Kesho yake nilikwenda kuonana na yule mhudumu. Ni msichana mpole, hana zaidi ya miaka ishirini na mitatu, alisikitika hadi machozi yakamlenga. Alinionyesha kadi, akaweka kidole kwenye ile 8. "Lakini mama, hii si nane?" Simlaumu peke yake. Simu yake inasema 8:00, kompyuta ya mapokezi inasema 8:00, na nyumbani kwao, aliniambia, wote huhesabu hivyo. Ninasikia watoto wengi wa mjini wakisema "tukutane saa tatu" wakikusudia saa tisa alasiri. Wenyewe kwa wenyewe wanaelewana. Wakikutana na mzee, mmoja anasubiri na mwingine hajatoka nyumbani.

Na hesabu ya Kiswahili si ya kubahatisha. Inafuata jua, na sisi tunakaa pahali ambapo jua halibadilishi tabia. Mstari wa ikweta unapita Maseno, safari fupi tu kutoka hapa. Mwaka mzima kunakucha karibu wakati uleule na kuchwa karibu wakati uleule. Kumi na mbili ya alfajiri inafunga usiku, kisha siku inaanza: moja, mbili, tatu. Saa mbili ni saa ya pili ya mchana. Mtu asiye na saa mkononi anaangalia kivuli cha mwembe na kukwambia wakati bila kukosea sana. Wazee wa Kiluo na wa Kibukusu huhesabu vivyo hivyo katika lugha zao. Ukimwambia Dani "saa nane" ukikusudia asubuhi, umemwambia neno la Kiswahili lenye maana kamili, ila si maana yako.

Kuna jambo dogo hapa nalisema nikijua baadhi ya wasomaji wako watanipinga. Walimu wa Kiswahili hawapendi neno "masaa". Wanatufundisha kwamba saa ni saa, ikiwa moja au kumi. Sawa, na katika barua hii nimejitahidi kuwatii. Lakini kule mapokezi, kama yule msichana angesema "ukae masaa manane bila kula", nusu ya matatizo ya Dani ingekwisha, kwa sababu kila mtu mtaani anajua "masaa" ni urefu wa muda na "saa" ni wakati wa kufika. Watu hawakulizua neno hilo kwa uvivu. Kazini kwangu ninalitumia, na nitaendelea kulitumia.

Nimesema makosa yanayoangusha hayachekwi. Wakati wa kipindupindu nilimsikia mtangazaji wa redio moja akisema ugonjwa "umethibitiwa" katika mitaa kadhaa ya Kisumu. Alitaka kusema umethibitishwa, yaani wataalamu wamehakikisha kwamba upo? Au umedhibitiwa, yaani umezuiwa usienee? Siku hiyo nilizunguka nyumba zangu nikakuta wengine wameacha kuchemsha maji, wanasema redio imetangaza ugonjwa umeshikwa. Mtangazaji huyo ana sauti nzuri, "sh" yake haina kasoro, na hakuna aliyemrekodi ili amcheke. Tena sauti za "th" na "dh" zimo katika Dholuo tangu zamani, katika thuol (nyoka) na dhano (mtu), hata katika jina lenyewe la lugha. Yule mzee wa Kiboswa angezitofautisha bila shida.

Nami nimekosea vilevile, tena mahali pabaya. Ulimi wa Kibukusu huwa unageuza "d" kuwa "t" nisipoungalia. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilimwambia mama mmoja ampe mtoto "vitonge viwili asubuhi na jioni", nikikusudia vidonge. Akampa vitonge viwili vya ugali asubuhi na jioni, na dawa ikabaki kwenye pakiti. Nilirudi siku ya tatu nikaikuta haijaguswa, na homa ya mtoto iko palepale. Mtoto alipona baadaye, lakini usiku ule sikulala. Tangu hapo siondoki nyumbani kwa mtu kabla sijaviweka vidonge kwenye kiganja chake na yeye mwenyewe akanirudishia maelezo: vingapi, lini, kabla ya chakula au baada yake. Nikimaliza namwomba aniambie tena. Wengine huona ninawachosha.

Sasa nieleze kwa nini mazishi na kliniki vimo katika barua moja. Nilimuuliza Dani mbona hakuuliza, saa nane ipi, ya asubuhi au ya alasiri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alitaka kuuliza. Lakini alipofika mbele ya meza na kusema, "Sida yangu ni sukari," watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walirudia "sida, sida" wakacheka. Akaona akifungua mdomo tena watacheka tena. Basi akaitikia ndiyo, akachukua kadi, akaondoka.

Nimewaona wengi wakiitikia ndiyo namna hiyo. Kwenye chanjo, kwenye ofisi za ardhi, kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Unamweleza mtu, anatikisa kichwa, na macho yanakwambia hajashika kitu. Mwalimu wangu alinifundisha kutikisa kichwa namna hiyo nikiwa na miaka minane, kwa hiyo ninaitambua haraka.

Mhariri, Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi ni cha yule mzee pia, na "sukuru" yake, sawa na kilivyo cha mtangazaji. Ninachokuomba ni kidogo. Gazeti lako likichapisha ratiba za chanjo, kambi za matibabu, kukatwa kwa stima au mitihani, usituachie tarakimu peke yake. Andikeni "saa mbili asubuhi", "saa nane alasiri", kila mara, hata kama nafasi ni finyu. Na mkichapisha vile vijisehemu vya kuwachekesha watu kwa matamshi ya wanasiasa wa huku kwetu, mkumbuke kuna msomaji anayemsomea mama yake gazeti hilo kwa sauti, na mama huyo huzungumza vivyo hivyo.

Kwa mahospitali na zahanati, ombi langu ni kwamba anayeandika kadi aseme asubuhi au alasiri, na ampe mgonjwa nafasi ya kurudia kwa maneno yake mwenyewe. Yule msichana wa mapokezi ameanza kufanya hivyo. Nimepita mara mbili nikamsikia.

Kadi mpya ya Dani ninayo hapa mezani. Pembeni nimechora jua likichomoza juu ya mstari, na chini yake nimeandika saa mbili asubuhi, bila chai, bila vidonge. Hayo ya vidonge nilimuuliza kwanza daktari. Kliniki ni Alhamisi. Tumekubaliana nimpitie saa moja, twende pamoja, na akifika kwenye meza ataongea mwenyewe, mimi nikisimama nyuma yake.

Nyar Bungoma,
Nyalenda, Kisumu.