Keki alianza kumlisha baba yake

Anti, habari za kazi. Hapa ni saa nane na nusu usiku, unga wa vitumbua uko kwenye ndoo unaumuka, na saa kumi natakiwa niwe nimeshawasha jiko. Sijalala. Leo ni usiku wa tisa tangu mahafali ya binti yangu, na mwenyewe yuko hapo kitandani kageukia ukutani, amelala au anajifanya amelala. Mimi nimemzaa, mtu aliyelala namjua anavyopumua.

Naanza na keki kwa sababu ndiyo inayoniuma. Keki alianza kumlisha baba yake. Watu zaidi ya mia tatu chini ya turubai, mimi nimesimama pale na kitenge changu cha kushona, halafu mtoto anachukua kijiti chenye kipande cha keki, ananipita, anampelekea yule. Mpaka krimu ikambaki kwenye masharubu. Akacheka. Wote wakacheka.

Unajua mwenyewe mahafali ya kidato cha nne yanavyokuwa. Barua imeandikwa saa tatu asubuhi, umefika saa tatu kasoro, mgeni rasmi anaingia saa nane mchana na watu wanapiga vigelegele kama vile kawahi. Jua likihama na ninyi mnahama na viti. Watoto wamecheza singeli, wamefanya igizo la mimba za utotoni, wameimba wimbo wa kuwaaga kidato cha tatu mpaka walimu wa kike wakalia. Risala akasoma mwanangu mimi. Anti, yule mtoto anasoma! Aliomba uzio na matundu ya vyoo bila kukwama hata neno moja, na mgeni rasmi akaahidi mifuko ishirini ya saruji, tutaiona. Mjomba wake alikuwa kanishika mkono. Mpaka hapo nilikuwa mama mwenye furaha kuliko wote Morogoro.

Basi ndiyo wakaanza kuita wazazi kuwavisha taji wahitimu. Mimi taji nililinunua getini, elfu tano, maua ya plastiki na pipi zimening'inizwa. Nikamvisha, nikamkumbatia, mjomba wake akamvisha skafu. Tunageuka kurudi, MC anasema kwenye kipaza sauti, subirini, subirini, baba mzazi huyo anakuja. Nikajua kakosea jina. Hakukosea.

Huyo bwana aliondoka mwaka 2015, mtoto yuko darasa la kwanza na mdogo wake ananyonya. Alisema anaenda machimboni Chunya, miezi mitatu anarudi. Kumbe baadaye akahamia Dar, akaoa, ana watoto wawili, ana biashara yake ya mbao. Siku hiyo kaja na treni ya SGR, na hilo alilisema zaidi ya mara tatu, kwamba hayakufika hata masaa mawili yuko Morogoro. Mimi moyoni nasema, kwa hiyo ilikuwa ni masaa mawili tu? Na kabla ya SGR mabasi hayakuwepo stendi ya Msamvu? Mabasi ya Dar yanashusha watu pale usiku na mchana.

Kaja na taji la noti. Wekundu wa Msimbazi wawili, noti za elfu kumi, wamewekwa kifuani waonekane, zilizobaki zote elfu moja moja. Sikuwa na nia ya kuhesabu ila usiku ule nilizihesabu, ni 47,000. MC akamwambia mwanangu, toa kwanza hayo maua binti, pesa zionekane. Akayatoa. Akanipa mimi niyashike. Nikawa nimesimama nimeshika maua yangu ya plastiki kama muuzaji. Halafu MC akamwambia mjomba mtu akae, sasa ni zamu ya baba. Anti, sisi ni Waluguru, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye anayesimama kwenye shughuli ya mtoto. Kaka yangu kasukuma baiskeli ya kuuza maji miaka yote hii kuwasaidia wanangu, anaambiwa akae. Alikaa. Hakusema kitu, alitoa leso akafuta viatu.

Ndipo ikaletwa keki.

Sitaki uniambie ni mtoto, hakuwa na nia mbaya. Watu wote wananiambia hivyo. Ana miaka kumi na saba, anajua. Kama angetaka angevunja kile kipande mara mbili.

Nieleze na gharama, siyo kwamba nahesabia, ila ujue. Ada imefutwa tangu 2016, simlaumu mtu kwa hilo na nashukuru. Lakini mwenye mtoto sekondari anajua kuna chakula cha mchana, kuna mlinzi, kuna rimu za karatasi, kuna moko, ule mtihani wa majaribio, kuna kambi ya kusomea ya kidato cha nne, na mwisho kuna mchango wa mahafali wenyewe, 35,000. Kitumbua kimoja nauza mia mbili. Hivyo ni vitumbua 175 na hapo sijatoa mchele, nazi wala mafuta. Nilikopa kikoba 80,000 nikalipa mchango, nikanunua viatu, nikalipia picha. Mpaka leo nadaiwa. Yeye nauli yake na taji lake la noti, yamekwisha, amekuwa baba bora. MC alimwita hivyo, baba bora, nikamsikia.

Na video ipo. Kuna mzazi kaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na vile vialama vya kucheka. Nimeitazama sijui mara ngapi. Inaonyesha baba analishwa, halafu mtoto anakuja kwangu na kijiti cha pili, maana nami nililetewa, sisemi sikuletewa, nililetewa wa pili. Na hapo ndipo, sikujua kama inaonekana vile, mimi nimefumba mdomo. Mtoto kanyoosha mkono, mimi nimefumba mdomo naangalia pembeni. Keki ikanigusa kidevuni ikaanguka kwenye kitenge. Yeye akabaki na kijiti. Video inakatikia hapo.

Sasa watu wanasema mimi ndiye niliyemwaibisha mtoto. Mimi! Mtu umesimama na maua mkononi, umeachwa, halafu unaletewa makombo, ulitaka nifungue mdomo kama kifaranga? Niliumia, Anti. Ungekuwa wewe ungekula?

Lakini siyo hilo lililofanya tusiongee siku tisa. Ngoja nikueleze, ila usinihukumu kabla hujamaliza.

Shughuli ilipoisha, tunakula pilau, yule bwana akamuuliza mtoto mbele yangu, eti ile hela ya kambi ilikufikia? Mtoto akaniangalia. Mimi nikainuka kwenda kuchukua soda.

Ni kweli alituma. Miaka kumi hajatoa kitu, kasoro mara mbili. Ya kwanza mtoto anaingia kidato cha kwanza, 150,000, ilipitia kwa wifi yangu. Wakati huo nilikuwa na mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, walikuwa wameshachukua jiko la gesi na televisheni, wanarudi kuchukua kitanda. Nikawalipa. Sare za mtoto nikashona kwa kudunduliza, kwa hiyo ukiangalia hela yake ilizuia kitanda cha mwanaye kisiondoke, siyo kwamba nilienda kusukia. Ya pili ni mwaka huu, 200,000, akasema ya kambi. Hiyo kambi nilishailipa kabla hela yake haijafika, nililipa mwenyewe na mtoto aliniona nikihesabu chenji mezani. Sasa ikija, nifanye nini nayo? Mama yangu alikuwa na jicho, alihitaji kwenda kufanyiwa operesheni. Ilienda huko. Bibi yake sasa anaona, alikuwepo mahafali, kamwona mjukuu wake akisoma risala. Hilo nalo ni kosa?

Kosa ni kwamba sikumwambia mtoto. Na siyo tu kwamba sikumwambia. Kila alipouliza nilikuwa namjibu baba yako hajawahi kutuma hata mia. Nilishazoea kusema hivyo. Hata mara ile ya kidato cha kwanza nilisema hivyohivyo, nikiwa na meseji ya hela kwenye simu.

Usiku wa mahafali akaniuliza, mama, kambi ililipwa na nani? Nikamwambia mimi. Akauliza, na ya baba ilienda wapi? Sikuwa nimepanga, mkono ukaenda wenyewe. Sijawahi kumpiga kofi huyu mtoto tangu darasa la nne. Na taji la noti lilikuwa bado shingoni.

Tangu hapo hatuongei. Akitoka shule anakoroga unga, anaosha masufuria, ananiachia chai mezani na sahani kaifunika, lakini hasemi. Mimi nami sisemi. Nasubiri aniombe msamaha kwa ajili ya ile keki, maana hata kama nimekosa mengine, ile keki nayo ni kosa lake, sivyo? Juzi mwalimu wake wa darasa kanipigia anasema binti analala darasani, maswali ya majaribio hajarudisha. Huyu ni mtoto ambaye kwenye moko alipata divisheni ya pili ya pointi 19. Mwalimu alishaniambia akikaza kidogo anaigusa ya kwanza. Mtihani wa taifa ni mwezi ujao, Anti. Karatasi za Baraza hazisubiri mtu na mama yake wapatane.

Na yule bwana ameshaleta hoja. Anasema mtoto akimaliza mtihani aende Dar akakae kwake, asome kompyuta wakati anasubiri matokeo ya Januari, na akichaguliwa kidato cha tano atamhudumia yeye. Kanitumia ujumbe mrefu wa adabu kabisa, ameniita mama watoto. Sijamjibu. Mtoto anajua, maana nimeona wanaandikiana. Sikupekua simu, ilikuwa mezani ikawaka.

Mimi nasema aende. Kama anaona huko kuna keki, aende. Nimechoka. Nimeamka saa kumi miaka kumi, mikono yangu ina madoa ya mafuta mpaka kwenye viwiko, na mimi pia napenda siku moja nilale mpaka jua litoke. Aende akajue mama wa kambo ni nani.

Lakini akienda Anti, nitabaki na nani wa kuongea naye? Huyu mdogo wake ni wa kiume, yeye na mpira. Na nikimkatalia, ataona namzibia. Na nikimruhusu, akifika kule baba yake atamfungulia simu amwonyeshe meseji zote za kutuma hela, tarehe na kiasi, na mimi sitakuwepo kueleza habari ya kitanda wala jicho la bibi. Hapo ndipo usingizi unapokatikia. Keki naisema sana mchana, ila usiku saa hizi ninachoona ni ile simu.

Kaka yangu anasema nimwambie mtoto yote sasa, tena nimwombe radhi mimi kwanza, niache kusubiri. Jirani yangu, mtu mzima mwenye busara, anasema nikae kimya hadi amalize karatasi ya mwisho, maana nikimwambia sasa nitamvuruga zaidi. Wote wawili naona wamesema kweli. Na kuna sauti nyingine, ni yangu mwenyewe, inasema nilipe tu zile 350,000 kidogo kidogo, nimrudishie yule bwana kimyakimya, nisimwambie mtu. Ila hela yenyewe sina, na nikiwa nayo nitaanza na kikoba.

Kwa hiyo nishauri, nimwambie sasa au baada ya mtihani? Na nikimwambia, naanzia wapi, kwenye hela au kwenye kofi? Halafu na hii keki, nayo niizungumzie au niiache? Maana nikiiacha itaonekana mimi tu ndiye mwenye makosa.

Zile noti hajazitumia hata moja. Taji kalitundika kwenye msumari, pembeni ya kioo, na maua yangu ya plastiki kayatundika juu yake, pipi ameshakula zote. Sijui ana maana gani. Niliyaona jana wakati nafagia.

Ukiitoa hii barua usiandike Morogoro wala usiseme vitumbua, hapa mtaani tunaouza tunajulikana. Nijibu mapema tafadhali. Naacha hapa, unga umeshapanda mpaka kwenye mdomo wa ndoo na mkaa sijauwasha.

Mama wa mhitimu