Barua ya wazi kwa nyie mliobaki na nyumba kimya Januari hii

Wanangu hamjambo. Na nyie kina baba hamjambo pia, najua mmekaa pembeni mnasoma kimyakimya mkijifanya hii barua ni ya wake zenu.

Jumapili iliyopita nilimsindikiza binti yangu stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, anampakia mwanae wa fomu wani anaenda bodingi Songea. Mmeshaiona ile stendi mwezi wa kwanza, magodoro, matranka ya bati, ndoo, mafyekeo yamefungwa kwenye magazeti, kila mama anamsomea mtoto ile karatasi ya maelekezo kwa mara ya kumi. Mjukuu wangu akapanda, akakuta wenzie wawili wanaenda hukohuko, basi limetoka hata mkono hakupunga vizuri. Binti yangu akasema mama twende tu. Tukapanda daladala, kimyaa, tulipofika Ubungo akaniambia "mama nimesahau kumnunulia kufuli la tranka", akaanza kulia mle ndani ya daladala watu wote wanageuka, analilia kufuli la shilingi elfu tatu. Nikamwacha alie. Kufuli lenyewe nilishalinunua mimi, limo kwenye begi la mtoto, ila sikumwambia mpaka tumefika nyumbani maana niliona sio kufuli linalomliza.

Ndo nikaona niwaandikie.

Mi nimekuwa matroni wa bweni la wasichana miaka 22 kabla sijastaafu, kwahiyo hii habari naijua kwa upande wa pili, upande ambao nyie hamuuoni mkishageuza kurudi. Niwaambie kinachotokea. Mtoto halii usiku wa kwanza, usiku wa kwanza bado anashangaa. Analia wa pili na wa tatu, wakishatoka prepu na taa zimezimwa, anajifunika shuka mpaka kichwani anadhani matroni hasikii. Wiki ya tatu mtoto huyohuyo nakuja kumgombeza saa nne usiku maana anacheka na mwenzie wa kitanda cha juu wanazuia wengine kulala. Wapo wachache ambao hawazoei, wale hawali, wengine wanaanza kukojoa kitandani, na hao tulikuwa tunawaona na tunawapigia wazazi wenyewe. Mwalimu akikupigia yeye, hapo usibishane, panda basi. Ila kama wewe ndo unayempigia kila siku, mwanangu, mgonjwa yuko kwako.

Kulikuwa na binti mmoja wa fomu wani, mama yake wapo wawili tu duniani, yeye na huyo mtoto. Wanafunzi hawaruhusiwi simu kwahiyo mama anapiga kwangu, kwenye kitochi changu, kila siku saa mbili usiku. Naenda kumwita mtoto bwaloni au prepu, anaongea dakika tano, mama analia kule na mtoto analia huku, akikata nabaki naye mimi nambembeleza mpaka saa tatu. Wenzie wameshazoea yeye kila siku ni kama amefika jana. Siku moja nikamuuliza, mwanangu, nini hasa, kuna mtu anakuonea? chakula? Akaniangalia akaniuliza, "matroni, sasa hivi mama anakula na nani?"

Nilikosa jibu. Mtoto wa miaka kumi na tatu amelala kitanda cha chuma mkoa mwingine na anachowaza ni sahani ya mama yake.

Kesho yake nikampigia yule mama nikamwambia kwa adabu kabisa, mdogo wangu, kuanzia leo piga Jumamosi tu, na ukipiga mhadithie mtoto umekula nini, umecheka na nani, kama huna cha kuhadithia kitafute mpaka Jumamosi ifike. Alinuna. Wiki mbili hakunipigia kabisa. Alafu siku ya wazazi kutembelea akaja na hotpoti ya pilau na shosti yake kutoka kazini, wanacheka toka getini, na yule binti alikula pilau mapaja mawili ya kuku akaaga akakimbilia kwa wenzie netiboli. Mama akaniangalia, nikamwambia ndo inavotakiwa hiyo, usilie tena.

Sasa msinione jasiri. Kitinda mimba wangu alipoondoka kwenda fomu faivu 2009 mi mwenyewe matroni mzima, nabembeleza watoto wa watu usiku, nikirudi nyumbani kwangu napima mchele wa watu watano tunakula wawili. Kiporo asubuhi, kiporo mchana, kinachobaki wanakula kuku. Mkono ulikuwa umezoea kile kikombe na haukutaka kusikia habari nyingine. Alafu nikawa nampigia patroni wa ile shule kila siku, mara amekula, mara amepata neti, mpaka yule baba wa watu akaniuliza "samahani mama, si niliambiwa na wewe ni matroni?" Niliona aibu mpaka leo nikikumbuka najifunika kanga.

Kuna mambo madogomadogo niyaseme harakaharaka. Yule mdogo aliyebaki nyumbani msimgeuze mtungi wa kumwagia mawazo yenu, na yeye kampoteza mwenzie wa kugombania naye rimoti. Dada wa kazi naye muulizeni hali, yeye ndo alikuwa anashinda na hao watoto likizo nzima nyie mkiwa makazini, sijawahi kuona mtu anampa pole. Na mliokuwa mnapeleka watoto wa darasa la kwanza la pili bodingi, serikali ilipokataza 2023 mabweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne mi nilishangilia peke yangu sebuleni, kile kilikuwa kilio kingine kabisa na sikiweki kwenye barua hii.

Kina baba sasa. Nyie mnasema hamna shida, ila tangu mtoto aondoke mnarudi saa tano usiku, mnasema foleni. Foleni gani saa tano? Mnaogopa nyumba. Na ukweli mwingine mchungu ni kwamba wengi mmekaa miaka kumi na tano mnaongea na wake zenu kupitia watoto, ada imelipwa? yunifomu imefuliwa? mtoto akiondoka meza inabaki na watu wawili wanaosikilizana wakitafuna. Mi na marehemu mzee wangu tulianza kucheza karata. Hatukuwa na la kuongea basi tukawa tunaibiana karata tunagombana, kugombana nako ni maongezi. Mwezi wa pili tukawa tunaongea hata karata zikiwa kabatini.

Na kina mama wa miaka arobaini na kitu, hamsini, nisikilizeni vizuri hapa. Mtoto wa mwisho mara nyingi anaondoka wakati uleule hedhi nayo inaaga, joto linakupanda usiku, usingizi hamna, machozi ya karibu, unasema ni mtoto kumbe mwili nao una mambo yake. Nenda kituo cha afya umwambie daktari. Na kama wiki zinapita huli, hulali, hutaki kuoga, unaona hamna maana ya kuamka, usisubiri likizo ya mwezi wa sita ikuponye, hiyo inaitwa sonona na inatibiwa, hata kina baba inawapata.

Alafu nataka niwahadithie mama yangu.

Mi ni wa Lindi. 1975 nilichaguliwa kwenda sekondari Tabora. Daraja la Mkapa hamna wakati huo, limefunguliwa 2003, tunavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, mvua ikinyesha barabara inakatika mnalala njiani, mkifika Dar ndo mnatafuta treni ya Reli ya Kati. Nilimwandikia mama barua, akaipata mwezi umeisha. Na hajui kusoma, baba alishafariki, kwahiyo akaenda kumtafuta mwalimu amsomee. Mwalimu akamsomea mara moja. Mama akataka tena, mwalimu akasema mama nina kazi.

Unajua alifanya nini? Akaenda kujiandikisha ngumbaru. Miaka ile Mwalimu Nyerere alikuwa ameshika bango la kisomo cha watu wazima, madarasa yapo kila kijiji, jioni, chini ya mwembe au darasani watoto wakishatoka. Kabla ya hapo majirani walinihadithia jioni alikuwa anakaa kibarazani anaangalia barabara tu mpaka giza, sasa jioni ana daftari chini ya kwapa, ana wenzie wanacheka wakikosea herufi, na mmoja wa hao wenzie ndo alikuja kumuuguza mpaka siku yake ya mwisho.

Mwaka uliofuata nikapata barua bwenini, bahasha imeandikwa herufi kubwa zimepinda kama uzio wa mabua. Ndani mistari miwili. MWANANGU HUJAMBO. MIMI NASOMA.

Nililia kuliko usiku wote wa kwanza niliolala Tabora, ila niliacha kuwaza anakula na nani.

Basi siku hizi naishi Tabata, jua likianza kuzama Jumapili ndo saa mbaya kuliko zote, wenye watoto bodingi mnaijua. Kuanzia wiki hii Jumapili saa kumi na moja nakaanga vitumbua na chai ipo, walio karibu mje, binti yangu wa kufuli naye nimeshamwambia. Ila mje na vikombe vyenu, vyangu wajukuu wamevimaliza likizo hii.