Utafiti wa maradhi ya kutetemeka uanzie milangoni mwa watu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno juu ya jambo lisiloandikwa sana magazetini mwetu, nalo ni utafiti wa kitabibu kuhusu kutetemeka kwa mwili na maradhi mengine yanayovuruga mwendo wa viungo. Nimefanya kazi katika vituo vya afya vya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hadi nilipostaafu, na ninaloliomba ni kwamba Uganda iwahesabu kwanza wagonjwa hawa nyumba kwa nyumba, na kila atakayegunduliwa apate dawa, kabla hatujajivunia kusafirisha damu zao kwenda maabara za mbali.

Watu wengi wakiona mkono unatetemeka hudhani ugonjwa ni mmoja. Ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817 kwa kuwachunguza watu sita tu, baadhi yao akiwa amekutana nao barabarani, hutetemesha mkono uliotulia mapajani, huanzia upande mmoja, na huambatana na miondoko mizito ya polepole, kukakamaa kwa misuli na hatua fupi za kuburura miguu. Uko mtetemeko mwingine, ulioenea zaidi kuliko huo na unaorithiwa katika familia nyingi, ambao hauonekani mkono ukipumzika bali hujitokeza mtu anapomimina chai, anapotia ufunguo mlangoni au anapoweka sahihi benki. Huu wa pili ndio unaowapa watu jina la ulevi. Tena una tabia ya kutulia kwa muda mwenye nao akinywa pombe kidogo, kiasi kwamba mzee wa watu akionekana ametulia baada ya tone la waragi, majirani huwa wamepata ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Wapo wanaotumbukia katika ulevi wa kweli kwa njia hiyo, ilhali propranololi, dawa ya siku nyingi ya shinikizo la damu isiyo na gharama kubwa, ingewapunguzia taabu wengi wao ambao hawana pumu.

Kundi la tatu ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa hilo tunalitengeneza sisi watabibu. Haloperidoli na klopromazini, dawa zinazotumika kila siku kutibu wagonjwa wa akili, huziba milango ya dopamini katika ubongo, na dopamini ndiyo kemikali ileile inayopungua kwa mgonjwa wa Parkinson baada ya seli zinazoitengeneza kufa. Matokeo yake ni mtu mwenye uso usiocheka, mikono inayotetemeka na mwendo mzito, ambaye ndugu zake huamini kuwa ugonjwa wa akili umemzidi. Hata metoklopramidi, ambayo hutolewa kwa kichefuchefu tu, inaweza kuleta hali hiyo. Mara nyingi hali hupungua dawa ikibadilishwa au kipimo kikishushwa na daktari (mgonjwa asijiachishe mwenyewe, maana madhara yake ni makubwa), lakini ni lazima kwanza awepo mtu wa kuuliza: mzee, unameza dawa gani? Ukiongeza tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambayo nayo hutetemesha mikono, utaona kwamba kalamu, karatasi ya kumchorea mgonjwa duara la konokono alifuatishe, na robo saa ya maswali yenye subira vinaweza kutenganisha wengi wa wagonjwa hawa bila mashine yoyote.

Kazi ya namna hiyo imekwisha kufanyika jirani. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa wakazi zaidi ya 160,000, wahesabuji wenyeji wakiuliza maswali machache na madaktari wakifuata kuwapima walioshukiwa. Kufikia mwaka 2006 walikuwa wamewapata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwahi kuambiwa na mtabibu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Idadi ni ndogo kuliko ya Ulaya, kwa sehemu kwa sababu jamii yetu ina wazee wachache zaidi, lakini nadhani jambo zito ni hilo la wengi kutogunduliwa. Hesabu inayotegemea wanaofika hospitali kubwa ingewakosa wengi wao. Hapa kwetu watafiti waliwahi kuwauliza wakazi wa Mukono wanavyouelewa ugonjwa huu, na walikuwapo walioutaja kuwa aina ya wazimu na wengine walioamini unaambukiza. Mwenye ndugu anayefichwa chumbani kwa imani hizo hatampeleka Mulago, hospitali kuu ya taifa kule Kampala, hata barabara ikiwa ya lami mpaka mlangoni.

Sasa nije kwenye dawa. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, imewarudisha wagonjwa kwenye miguu yao tangu miaka ya 1960, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini shirika hilohilo limekiri kwamba katika nchi nyingi maskini haipatikani kwa urahisi, hasa nje ya miji mikubwa. Ni kichekesho kichungu kwamba mbegu za upupu, mmea huu tunaoukimbia porini kwa sababu ya kuwasha, zina levodopa ya asili na zimefanyiwa majaribio kama badala ya vidonge kwa wasio na uwezo. Sisemi watu wakasage upupu nyumbani. Kiasi cha dawa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na kichefuchefu chake si cha mchezo.

Uchunguzi mmoja uliofanyika Ghana, ukalinganishwa na wagonjwa wa Italia, unanikaa moyoni. Madaktari wengi waliogopa kuanza levodopa mapema, wakidhani ndiyo inayoleta baadaye yale mapindipindi ya mwili yasiyozuilika. Wagonjwa wa Ghana walikuwa wamechelewa kuipata kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao wa Italia, si kwa hiari bali kwa ukosefu, na bado matatizo hayo yaliwatokea baada ya muda uleule tangu ugonjwa uanze. Ikaonekana kwamba kumnyima mgonjwa dawa kwa kuogopa kesho hakumsaidii kitu. Dunia nzima imefaidika na somo hilo, nami nalipokea, ila nisisahau kwamba lilitokana na miaka ambayo watu walikaa bila kidonge.

Sipingi utafiti wa vinasaba. Mwaka 2023 timu iliyowashirikisha wanasayansi wa Lagos, London na Marekani ilitangaza badiliko katika kinasaba kiitwacho GBA1 linaloongeza uwezekano wa kupata Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, badiliko ambalo karibu halipo kabisa kwa Wazungu, na ambalo lisingejulikana kamwe kama sampuli zingeendelea kutoka Ulaya peke yake. Sampuli za Waafrika katika kazi hiyo zilitoka hasa Nigeria na kwa Wamarekani weusi. Mlugbara, Muganda au Mnubi wa Bombo hajasemewa bado. Waje, basi, wachukue na damu yetu. Lakini wazazi wa Kitgum, Pader na Lamwo, ambao watoto wao walipatwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa (huo ni wa kifafa, si wa mtetemeko), wanajua jinsi maswali na sindano zinavyoweza kufika mapema kuliko matibabu, na wanajua pia kwamba unafuu ulikuja kwa dawa za kifafa na kwa kampeni dhidi ya usubi, wale nzi wadogo waumao wanaohusishwa na ugonjwa huo, wakati mjadala wa chanzo ukiendelea.

Ndiyo maana naiomba Wizara ya Afya, pamoja na vyuo vikuu vyetu vya tiba, ianze na wilaya moja katika kila kanda, ikitumia timu za afya za vijiji ambazo tayari zinajua kila kaya. Fomu iwe na swali la dawa anazotumia mtu, na maelezo ya ridhaa yasomwe kwa lugha ya nyumba husika, Kiswahili kikiwemo. Nazo kamati za maadili zisitoe kibali kwa mradi wowote wa utafiti wa maradhi haya ambao mkataba wake haukutaja ni nani atakayenunua levodopa ya washiriki, itapatikana katika kituo gani cha afya, na kwa muda gani baada ya watafiti kuondoka.

Tabibu mstaafu,
Arua.