Fisi kaja nyumbani usiku, sasa mimi ndo naambiwa ni wa kwetu

Shikamoo shangazi. Nisamehe nikichanganya mambo, saa hizi ni kumi alfajiri, watoto nimewalaza sebuleni maana dirisha la chumbani kwao halina nondo na mi usingizi umegoma kabisa.

Tuko Itilima, habari za fisi wa huku unazijua, watoto wa watu wameshaliwa. Juzi usiku nimempeleka mdogo chooni, choo chetu cha nje nyuma ya zizi, mbwa hajabweka, kajikunyata chini ya mkokoteni, namulika na tochi ya simu naona macho yanawaka pale kwenye uzio wa minyaa. Fisi shangazi. Shingo nene, mgongo umeshuka nyuma, mdomo una damu, kumbe kashamaliza na mbuzi. Hakukimbia. Akaniangalia, nikamwangalia, mtoto nimembana kifuani hata kupiga yowe nashindwa, halafu akageuka akaondoka taratibu tu kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Watu wamejaa na mapanga, nategemea niambiwe pole, mama mkwe ananiuliza mbele ya majirani mbona mbuzi kala we na mtoto kawaacha? Akaongeza eti kwetu Meatu wanawafuga hao fisi kichawi. Mume wangu kasimama hapo hapo. Kanyamaza. Hata "mama acha" hakusema.

Mi uchawi siamini, na sijafanya kosa lolote, nani asiyejua kuna jirani katupa mzoga wa ng'ombe korongoni ukakaa mpaka ukanuka? Fisi anafuata mizoga. Mavi yake meupe yanaonekana njia nzima ya kwenda korongoni, weupe wake ni mifupa anayokula, hata askari wa wanyamapori waliokuja kuangalia walisema hivyo hivyo na kwamba anaweza kutembea usiku kucha kutafuta chakula. Wakamwambia mume wangu aandike maombi ya kifuta jasho cha mbuzi. Hajaandika. Anasema mama anataka kwanza tujue nani kamtuma.

Ndo hivyo, Jumamosi wanataka twende wote kwa mganga apige ramli. Ramli chonganishi serikali ilishapiga marufuku lakini nani anajali huku. Nikikataa watasema nina kitu naficha, nikienda akanitaja je? Na asiponitaja mimi atamtaja mama yangu. Mama ni mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe miaka yote hiyo, na unajua vibibi wa huku walivyokatwa mapanga kwa sababu ya macho tu. Hilo ndo linaninyima usingizi shangazi, fisi nimeshamsahau. Ingawa chumvi nimemwaga mlangoni, sijui hata kwa nini.

Mama mkwe simchukii, amenilelea watoto huyu, nilipojifungua wa pili ndo alikuwa ananikanda. Ila mume wangu kunyamaza! Tumetoka mbali mi na yeye. Jana nimemuuliza unaamini maneno ya mama yako, akasema "we nenda tu Jumamosi yaishe." Hilo ni jibu? Yaishe nini?

Siwezi kuondoka, nitawaacha wapi watoto na ndoa yangu naipenda. Begi nimefunga lakini. Ila nikienda kwa mama si ndo nimewathibitishia, watasema karudi kwenye fisi wao. Nimewaza nimwambie mwenyekiti wa kitongoji, tatizo yeye na mume wangu ni damu moja. Polisi naogopa, nitaitwa mwanamke aliyempeleka mkwe wake ndani.

Au nimwambie mama ahame kwa kaka Mwanza kwanza kabla ya Jumamosi? Nitamwambiaje bila kumwambia sababu, ana presha. Na mume wangu nimfanyeje, maana hata sasa hivi yupo chumbani anakoroma. Nijibu mapema shangazi, jina na kijiji usiweke.