Barua kutoka Derbyshire: visima vimepambwa

Derbyshire, Uingereza
Mwishoni mwa Mei

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi baada ya kimya. Mimi mzima, kazi inakwenda, na baridi imeanza kulegea. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na lawama nimezipokea. Unasema kila nikipiga simu ni hali ya hewa tu, kana kwamba huku hakukai watu. Haya, leo nakupa za watu, na ujipange, maana ni ndefu. Ndiyo maana nimeona niandike kuliko kukumalizia bando.

Kwanza ujue nilipo, kwa sababu ninyi mkisikia Uingereza mnafikiri London. Mimi niko wilaya ya Derbyshire Dales, katikati ya nchi, kwenye kijiji kidogo kati ya Ashbourne na Bakewell. Ni vilima na mabonde, kondoo kila upande, na kuta za mawe yaliyopangwa bila tone la saruji, zinapanda mlima hadi huko juu. Sehemu kubwa ya wilaya imo ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, iliyoanzishwa 1951. Lakini usiiweke akilini kama Mkomazi. Humu ndani watu wanaishi, wanafuga, wanachimba mawe ya chokaa, na ukitaka kubadilisha dirisha la nyumba yako mwenyewe kuna wakati lazima uombe kibali. Kwa hilo dirisha watu huweza kununiana mwaka mzima.

Habari kubwa ya mwezi huu ni visima. Huku kuna desturi ya kupamba visima na chemchemi kwa picha kubwa zilizotengenezwa kwa maua. Kijiji mashuhuri kwa hilo kinaitwa Tissington, hapa jirani, nao hupamba siku ya Kupaa kwa Bwana, ile Alhamisi ya siku ya arobaini baada ya Pasaka. Vijiji vingine hufuata kila kimoja kwa tarehe yake, hadi Septemba. Ukiwauliza ilianzaje, wako wanaosema ni shukrani ya mwaka 1349, tauni ilipofagia nchi na Tissington ikanusurika kwa maji yake safi. Wengine wanasema hapana, ni ukame wa 1615, visima vya wenzao vilipokauka na vyao havikukauka. Wanabishana kwa upole wa Kiingereza, yaani kila mmoja anamaliza kusema "huenda uko sahihi" na hakuna aliyehama msimamo.

Na mimi mwaka huu nilikuwemo, somo! Nilidhani wanachukua maua na kuyabandika. Kumbe ni kazi ya wiki nzima. Wanaanza na mbao nzito zilizopigiliwa misumari midogo kila mahali, wanazilowesha kwenye bwawa siku kadhaa ili zisinyonye maji ya udongo. Halafu udongo wa mfinyanzi unachanganywa na maji na chumvi, chumvi ya kuuweka na unyevu, unakandwa kwa miguu, watoto na watu wazima na mabuti yao, ukilainika unasilibwa kwenye ubao. Misumari ile ndiyo inayoushika usidondoke. Picha imeshachorwa kwenye karatasi, inalazwa juu ya udongo, na mtu anaidonoa kwa pini mstari kwa mstari. Karatasi ikitolewa unaona vitobo tu. Vitobo hivyo ndivyo vinavyofuatwa na buni za kahawa au vitunda vikavu vyeusi vya mti, kimoja baada ya kingine, mpaka mchoro wote una wanja. Kahawa, somo! Wenyewe hapa wanakunywa chai.

Ndipo yanapokuja maua. Nilipewa kipande cha mbingu, nikapewa na sahani ya petali za buluu. Bibi aliyekaa kando yangu, mkono unatetemeka lakini jicho kali, akanizuia: anza chini, panda juu, kila petali ilalie ile ya chini yake, mvua ikinyesha iteleze isiingie ndani. Nikamwambia, hayo ni makuti, naijua kazi hii tangu utoto. Ikabidi nieleze makuti ni nini, mnazi ni nini, paa la babu Pangani lilikuwaje. Meza nzima ikanyamaza kusikiliza, na tangu siku hiyo, ninapopita njiani, watu ambao mwaka mzima walinipa "habari ya asubuhi" na tabasamu la nusu sasa wanasimama. Nimewaelewa watu hawa, somo. Hawabishi hodi kwako, na ukienda kwao bila taarifa unawatia wasiwasi. Lakini kaa nao kwenye kazi ya mikono, saa mbili tatu, macho yote yakiwa kwenye udongo, watakwambia mpaka ugomvi wao wa mirathi.

Tulifanya kazi kwenye banda la mkulima, mlango wazi, baridi inapuliza, kwa sababu pakiwa na joto maua yananyauka. Hakuna rangi ya dukani inayoruhusiwa, ni petali, majani, mbegu, magome. Jumapili kasisi akaja akabariki, watu wakaandamana nyuma yake kutoka kisima hadi kisima na bendi ya matarumbeta. Wageni wakajaa, kikapu cha sadaka kikapitishwa. Baada ya wiki moja hivi petali zinageuka kahawia, mbao zinateremshwa, udongo unabanduliwa. Wiki nzima ya kazi kwa wiki moja ya kutazamwa. Mimi mwanzo nililiona hilo ni hasara, siku hizi silisemi tena kwa sauti.

Sasa upande wa pili wa habari. Kijiji kina kikao chake kila mwezi, ukumbini, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kupewa dakika zake. Serikali huku chini ina ngazi tatu: baraza la kijiji linashughulikia mabenchi, nyasi, uwanja wa watoto, wilaya inazoa taka na kutoa vibali vya ujenzi kwa walio nje ya hifadhi (ndani yake hutoa mamlaka ya hifadhi), kaunti ina barabara, shule na huduma za wazee. Kwa hiyo mtu anakuja kulalamikia shimo barabarani, anaambiwa shimo si letu, ni la kaunti, na barua tumeshaiandika. Mwezi unaofuata shimo limeongezeka kina, na ajenda ni ileile. Mengine ni mbwa wanaofukuza kondoo wakati wa kuzaa, basi lililopunguziwa safari, na watalii wanaoegesha magari mbele ya mageti ya mashamba, trekta lisipite. Na tangu serikali kuu itangaze Desemba 2024 kwamba inataka wilaya na kaunti ziunganishwe ziwe ngazi moja, wazee hawalali. Wanaona wataunganishwa na watu wa mbali wasiojua hata njia ya kufika hapa. Mimi nadhani shimo litabaki shimo.

Kaka yako mpenda mpira, yule wa Coastal Union, mwambie asithubutu kukosa hii. Kule Ashbourne, Jumanne kabla ya Majivu na Jumatano yenyewe ya Majivu, mji mzima unacheza mpira mmoja. Aliyezaliwa kaskazini ya kijito cha Henmore ni upande mmoja, wa kusini upande mwingine, na magoli yameachana maili tatu, karibu kilomita tano. Wanaanza saa nane mchana na wanaweza kwenda hadi saa nne usiku, mitaani, mashambani, ndani ya kijito chenyewe kwa maji ya Februari. Mpira umejazwa vipande vya koki ndani, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, ndiyo maana unaelea. Goli halifungwi kwa kupiga wavuni, unaugonga mpira mara tatu kwenye jiwe, ukiwa umesimama majini. Maduka yanapigiliwa mbao madirishani. Mfalme Charles mwenyewe, alipokuwa bado mrithi, ndiye aliyeurusha kuanzisha mchezo mwaka 2003. Mimi nilitazama kwa mbali, nimejibana ukutani, na mpira wenyewe sikuuona hata mara moja. Nilichokiona ni mvuke unaopanda juu ya kundi la wanaume.

Tuje kwa lile la mdogo wako kutaka kuja kufanya kazi huku, maana najua unalisubiri. Mweleze kwamba kazi hii ya kulea wazee niliyojia mimi, mlango wake umefungwa kwa wanaotaka kuja kutoka nje. Tangu Machi 2024 mtunzaji mpya hakuruhusiwa kuja na mume wala watoto, na tarehe 22 Julai 2025 wakasitisha kabisa kuajiri wapya kutoka ng'ambo. Mtu yeyote anayemwambia leo "toa milioni kadhaa nikupatie kibali cha kulea wazee Uingereza" ni tapeli, amkimbie. Nakuandikia wazi ili isije ikawa aibu ya familia.

Na hapo ndipo ninapowahurumia hawa wenyeji wangu: mlango umefungwa, na wao wenyewe wanapungukiwa watu. Huku nyumba ni ghali, nyingine wamezinunua watu wa mjini wanaokuja wikendi, zingine zinapangishwa kwa watalii, na vijana wanahamia Derby au Sheffield. Duka la kijiji linaendeshwa na watu wa kujitolea, zamu kwa zamu. Kile kibanda chekundu cha simu ulichokiona kwenye picha yangu hakina simu tena, kina mashine ya kushtua moyo, na anayeikagua betri ni mzee wa kujitolea. Kengele za kanisa, kujitolea. Jarida la kijiji, kujitolea, na linasambazwa nyumba kwa nyumba na bibi mwenye nyonga ya chuma. Ukihesabu vizuri ni watu walewale kumi na kitu, wamebadilishana kofia tu: mwenyekiti wa hiki ndiye katibu wa kile. Kila kikao kinaisha na swali moja, nani atashika nafasi ya fulani aliyechoka, na kila mtu anatazama viatu vyake.

Mwezi uliopita wakanitazama mimi. Nimeingizwa kwenye kamati ya tamasha la Agosti, meza ya vyakula. Mwenyekiti alisema kwa heshima zote kwamba keki za kwao zimezoeleka, je, nyumbani kwetu tunapika kitu gani kitamu kinachokaa siku mbili bila friji? Sikufikiri mara mbili, nikasema visheti. Wakaandika kwenye daftari, na kwenye ajenda imeshachapwa, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Sasa nisaidie. Vyangu vikikaa usiku mmoja vinalegea, sukari inarudi maji. Vya mama yako vinakaa wiki na bado vinalia mdomoni. Kaa naye jikoni, usimwache akwambie "kiasi" na "kidogo tu", mpe kikombe mkononi apime mwenyewe: unga vikombe vingapi, samli kiasi gani, shira aishushe ikiwa nzito vipi. Iliki ninayo. Nirekodie na sauti, hasa anapofika kwenye shira, na unitumie kabla ya katikati ya Juni nipate muda wa kujaribu.

Wasalimie wote hapo Chumbageni, na mtoto umbusu.

Ni mimi,
Somo yako