Bumu likitumwa nyumbani, mwanafunzi anakula nini? Tunaomba ushauri

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzetu,

Sisi ni washauri wa wanafunzi katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam. Kila Oktoba na Novemba vyuo hupokea mwaka wa kwanza, na maandalizi yote humlenga mwanafunzi: anaonyeshwa maktaba, anaelezwa kanuni za mitihani, anapewa kitambulisho. Familia aliyoiacha Kahama au Newala haielezwi kitu. Tumeamua kuwafuata wazazi wilayani kabla watoto hawajasafiri, tukae nao nusu siku, na kila familia iondoke na karatasi moja ya makubaliano. Karatasi hiyo imetukwama sehemu moja, na ndiyo sababu ya barua hii: iseme nini kuhusu mwanafunzi kutuma nyumbani bumu, yaani fedha za kujikimu anazopata kwenye mkopo wake.

Mzazi akisikia mwanawe amepata mkopo, mara nyingi huona kazi yake imekwisha. Kumbe mkopo una mafungu. Fungu la ada huenda chuoni moja kwa moja, na huenda lisiwe ada yote. Chukulia ada ni 1,300,000 kwa mwaka na Bodi ya Mikopo imekubali asilimia 60. Familia inabaki na 520,000, na kwa chuo kinachoruhusu kulipa kwa mihula, 260,000 zinatakiwa mwanzoni kabisa. Zisipolipwa, mwanafunzi hasajiliwi. Asiposajiliwa, hana pa kusaini bumu. Na muda wa kusaini ukipita, fedha hurudishwa Bodi. Mzazi anapiga simu kwa hasira akiuliza hela ya mtoto imekwenda wapi, wakati kilichozuia ni ile 260,000. Kwa hiyo tunataka kila familia ifungue akaunti ya mwombaji kwenye mtandao wa Bodi, inayoitwa SIPA, pamoja na mtoto mwenyewe, isome kila fungu na asilimia yake, kisha iandike pembeni kinachobaki.

Hata aliyekamilisha kila kitu hawezi kutegemea bumu siku ya kwanza. Majina ya mkopo hutoka kwa awamu, na usajili nao una foleni yake. Tunashauri aondoke nyumbani na chakula cha wiki nne mfukoni. Kwa hesabu ya chai na chapati 1,500, wali maharage mchana 2,000 na ugali usiku 2,000, siku moja ni 5,500, na siku 28 ni 154,000. Hapo kodi, godoro na ndoo bado. Aliyekosa hosteli akapanga geto anaweza kudaiwa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na hilo likimkuta hana, ataishia kubebana kitanda kimoja na mwenzake.

Sasa tufike palipotukwama. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha za chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Anayepata kiwango kamili, kwa siku 60 anapokea 600,000. Kijijini hizo ni fedha nyingi kuziona kwa mara moja, nasi tunalielewa hilo kabisa. Lakini zipangeni: chakula 330,000, kodi ya chumba cha 60,000 kwa miezi miwili 120,000, nauli ya daladala 1,200 kwenda na kurudi kwa siku 40 za vipindi 48,000, bando 30,000. Zinabaki 72,000 za sabuni, kutoa kopi na dharura. Mwanafunzi akituma nyumbani 200,000, amepungukiwa 128,000, ambazo ni chakula cha siku 23.

Na wanatuma. Wengi hawakulazimishwa na mtu. Mdogo wake hana sare, mama ana rejesho la kikoba Ijumaa, paa limevuja, na yeye ndiye pekee nyumbani anayepokea fedha kwa tarehe inayojulikana. Dalili zake ni zilezile: anaanza kuacha chai, kisha anakosa vipindi vya asubuhi, kisha majaribio ya katikati ya muhula anayafanya akiwa na njaa. Chuo kinachogawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho hakimpi nafasi kubwa ya kufidia alichopoteza huko. Zinafuata sapu, yaani mitihani ya marudio, na wengine hudisko, yaani huondolewa chuoni kwa kufeli. Akidisko mkopo unakatika, ila deni linabaki palepale. Hili ndilo tungependa kila mzazi alisikie: ile 200,000 si zawadi ya serikali kwa familia. Ni deni la mtoto, na siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi liishe.

Mengine yamekuwa mepesi kwetu kuyaandika. Kazi za aliyeondoka zigawiwe kwa majina kabla hajapanda basi: nani atampeleka bibi kliniki, nani atafunga duka, nani atamsaidia mama kutuma na kupokea fedha kwenye simu. Zikiachwa hewani zitamfuata chuoni kwa simu. Kupita mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nako kusiwadanganye wazazi kwamba mtoto ameshazoea kuwa mbali. Kule aliamshwa, alilishwa na kupangiwa kila saa. Chuoni hakuna wa kumwamsha. Simu za nyumbani ziwe na siku maalumu, tuseme Jumatano usiku na Jumapili mchana, na familia iwe na ratiba ya majaribio ukutani ili kikao cha harusi kisiangukie wiki hiyo. Msiba wa mzazi au ndugu wa karibu vyuo vingi huutambua, mradi mwanafunzi aombe ruhusa ofisini kabla ya kuondoka. Akiondoka kimya, mtihani aliokosa huhesabiwa kuwa ametoroka.

Matokeo pia yanahitaji kauli ya mapema. Chuo humhesabu mwanafunzi kuwa mtu mzima, na mzazi hapewi alama kwa kupiga simu. Tunapendekeza mtoto akubali mwenyewe, kwa maandishi, kuwaonyesha wazazi matokeo kila mwisho wa muhula, na wazazi nao waahidi kwamba sapu moja haitaitishiwa kikao cha ukoo. Bila ahadi hiyo ya pili, ya kwanza haitekelezwi.

Kuhusu bumu sasa, sisi wenyewe tumegawanyika. Baadhi yetu wanataka karatasi iseme wazi kwamba nyumbani hapaombwi hata shilingi. Wengine wanaona katazo hilo litasainiwa na kuvunjwa wiki hiyohiyo, kwa siri, na siri ndiyo inayomfanya mwanafunzi asije ofisini mapema. Wanapendekeza kikomo, kwa mfano 30,000 kwa kila bumu, na iwe tu baada ya kodi na chakula kutengwa. Hofu yetu ni kwamba kikomo kikiandikwa, familia ambayo haikuwa na nia ya kuomba itakiona kuwa haki yake.

Tunaomba kusikia kutoka kwenu, hasa wazazi na walezi mnaoishi kwa kipato kidogo na mmesomesha kwa mkopo: mliweka katazo au kikomo, na kilidumu? Nani alilisema jambo hili hadi baba akalipokea bila kuona mtoto amekuwa na kiburi: mwalimu mkuu wa shule aliyotoka, shangazi, sheikh au mchungaji? Na je, mwanafunzi awepo wakati likisemwa, au wazee wazungumze kwanza peke yao?

Washauri wa wanafunzi,
Dar es Salaam