Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wapangaji, Umoja, Nairobi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kwa niaba ya kamati, na nawashukuru nyinyi mliofika. Viti vilivyobaki wazi nimeviona, na vitapata nafasi yake katika taarifa hii.

Kazi za kawaida mnazijua. Mitaro ilizibuliwa kabla ya masika, taa za usalama zilirudishwa, vikao vya Nyumba Kumi tulihudhuria, ule mvutano wa wazoa taka uliisha, na waliofiwa walifikiwa na rambirambi. Kuhusu fedha, michango iliyoingia ni shilingi 183,600, matumizi 171,350, salio la mwaka 12,250, na ukijumlisha 9,400 za mwaka uliotangulia tuna 21,650 benki. Mweka hazina ana stakabadhi zote. Tulitarajia 432,000, maana rejista ina nyumba 180 na kila nyumba ni 200 kwa mwezi. Waliomaliza mwaka bila deni ni 61. Wengine wanadaiwa, na baadhi yao ndio wanaouliza kila wiki pesa za chama zinaenda wapi.

Sasa nije kwa suala la maajenti wa nyumba za kukodisha.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mtu anatafuta bedsita, chumba kimoja cha kujitegemea, ya 9,000 kwa mwezi. Kabla hajapewa ufunguo anatoa kodi ya mwezi 9,000, dipoziti 9,000, ya maji na stima 2,500, kisha ajenti anadai 9,000 nyingine. Hizo ni 29,500, na bado hajakodi mkokoteni wa kubeba kitanda. Humo sijahesabu pesa za kuonyeshwa nyumba, 500 hapa, 1,000 pale, kwa nyumba ambayo pengine ilichukuliwa zamani na picha zake bado zinazunguka mtandaoni. Ukituma pesa, simu inakuwa "mteja hapatikani". Makeateka, wale wasimamizi wa ploti, nao wameingia ndani ya mchezo: keateka anakwambia mchana hakuna nyumba, jioni ajenti anakupeleka ploti hiyohiyo, wanagawana.

Kamati ilipatana na maajenti watano wanaofanya kazi mtaani kwetu. Masharti ni matatu: hakuna kulipia kuonyeshwa nyumba, ada yao isizidi nusu ya kodi ya mwezi, na ilipwe baada ya mpangaji kupokea ufunguo na stakabadhi. Sisi tukakubali kuweka nambari zao kwenye kundi letu la WhatsApp. Yule wa bedsita sasa anatoa 25,000 badala ya 29,500. Mazungumzo hayo niliyaendesha mimi, kwa nauli yangu, na sijadai kurudishiwa hata senti.

Kwa hilo nimeambiwa nimelambishwa asali, yaani nimehongwa. Imesemwa pia kwamba mmoja wa hao watano ni mpwa wangu. Ni kweli, ni mtoto wa dada yangu, lakini alikuwa ajenti kabla mimi sijawa mwenyekiti, na masharti yanamfunga kama wengine. Zaidi ya hayo, ajenti tuliyemwondoa kwenye orodha mwezi wa Septemba kwa kudai 500 za kuonyesha nyumba hakuwa yeye.

Hoja nzito ni ile ya wanaosema chama kimehalalisha ada ambayo mpangaji hapaswi kulipa kabisa. Ajenti ametumwa na mwenye nyumba, basi alipwe na aliyemtuma. Ndugu zangu, hata mimi naamini hivyo. Tena wengine wanalipwa pande zote mbili. Lakini tutamzuia kwa kitu gani? Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, inakataza mpangaji kutozwa malipo ya ziada juu ya kodi ili apewe nyumba, ila inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni nyumba hiyo hapa Umoja nihamie kesho. Sheria ya maajenti, Sura ya 533, inamtaka ajenti awe amesajiliwa na bodi. Tukiifuata neno kwa neno, vijana wengi wenye vibao vya nyumba za kukodisha hapa mtaani watakosa kazi, na landilodi atamwachia keateka biashara yote, bila masharti yoyote. Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021 ulifika Bungeni, lakini haukuwa sheria.

Kuna mwanachama anayetukumbusha mara kwa mara kwamba England ilipiga marufuku ada hizi kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Amesema kweli. Ila kule ni bunge lililoamua, na ajenti akikaidi anatozwa faini. Mimi nina rejista na kalamu.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili lililetwa kwenye mkutano wa Juni, likajadiliwa wazi na kupigiwa kura. Waliohudhuria walikuwa 23. Tangazo lilitumwa kwenye kundi, likabandikwa kwenye mageti, hata mama mboga wa kona alilisambaza. Waliokuja walikubali isipokuwa wawili waliopinga, na hao wawili nawaheshimu kwa sababu walipinga wakiwa wamesimama mbele yetu. Wengine walianza kuandika saa nne usiku, mkutano umeshakwisha, kila mmoja ghafla akawa wakili. Mtu ana muda wa kuandika ujumbe wenye aya sita lakini hana saa mbili za Jumapili.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kuzungumza na wenye nyumba wenyewe ili ada hii iwarudie, na kuangalia uwezekano wa kuwa na orodha yetu ya nyumba zilizo wazi. Ikiwezekana tutamwalika mwakilishi wa wadi pia. Yote yatategemea michango.

Wanaotaka makubaliano na maajenti yavunjwe waweke pendekezo hilo mezani leo, kabla ya uchaguzi wa kamati. Nakala zenye sahihi ziko kwa katibu. Karani wa michango amekaa pale mlangoni, na anapokea M-Pesa.

Mwenyekiti